Kungoja kibali cha kazi ugenini bila kuvunja sheria

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

KATIKA vijiji vya kata ya Mvumi, wilayani Kilosa, neno ‘kibali’ lilizoeleka kwa muda mrefu kuhusishwa na mkaa, mbao, mifugo na mazao yanayovushwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kibali cha mtu kufanya kazi lilikuwa jambo la watu wa mjini, tena wale wa ofisi kubwa.

Hali ilianza kubadilika baada ya Septemba 2017, Serikali ilipotia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa kutoka Morogoro hadi Makutupora. Reli hiyo inapita Kilosa na kupenya milima yake kwa mahandaki. Wageni waliokuja na mitambo walionwa na kila mtu wilayani, na pamoja nao likaja swali ambalo halijapata majibu ya kutosha hadi leo: mgeni aliyekwisha kuingia nchini lakini bado anangoja kibali cha kazi, anahesabiwa kuwa nani?

Swali hilo hilo, likigeuzwa upande wa pili, linamhusu kijana wa Mvumi (ile ya Kilosa, si Mvumi ya Chamwino yenye hospitali ya misheni) anayetajiwa kazi Nairobi, Muscat au Dubai. Huyo huambiwa na aliyemtafutia kazi kwamba aende kwanza, karatasi zitamfuata huko huko. Kwa ahadi hiyo huuzwa ng'ombe, gunia za ufuta au kipande cha shamba. Ndiyo maana inafaa kueleza kwa kirefu sheria inasema nini juu ya kipindi hicho cha kungoja, ambacho ndicho kinachowaponza wengi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuingia katika nchi, kukaa katika nchi na kufanya kazi katika nchi ni mambo matatu mbalimbali, na karibu kila nchi duniani huyatolea ruhusa tatu zisizofanana. Viza humruhusu mtu kufika mpakani na kuomba kuingia. Muhuri au pasi anayopewa na ofisa wa uhamiaji humwambia akae siku ngapi. Kibali cha kazi, ambacho mara nyingi hutolewa na mamlaka nyingine kabisa, ndicho humruhusu kuajiriwa. Mtu anaweza kuwa nayo mawili ya kwanza na akawa mgeni halali kabisa, lakini siku atakapoonekana kazini bila la tatu huwa amevunja sheria, hata kama viza yake ina miezi miwili mbele.

Tanzania yenyewe ni mfano mzuri. Hadi mwaka 2015 mgeni aliyeajiriwa nchini alitegemea zaidi hati ya ukaazi ya daraja B iliyotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria namba 1 ya kuratibu ajira za wageni, iliyoanza kutumika Septemba 15, 2015, na madaraka ya kutoa vibali vya kazi yakawekwa mikononi mwa Kamishna wa Kazi. Tangu hapo mwajiri wa Tanzania Bara hupita milango miwili: kwa Kamishna wa Kazi kutafuta kibali cha kazi, kisha Uhamiaji kutafuta kibali cha ukaazi. Mwaka 2021 maombi hayo yalianza kupokelewa kwa njia ya mtandao, na mwaka huo huo sheria ilirekebishwa ili muda wote wa kibali cha kazi, ambacho hutolewa kwa miezi 24 na kuongezwa, ufikie miaka minane badala ya mitano. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na hutoa vibali vyake vya kazi, jambo ambalo hata waajiri wazoefu husahau wanapomhamisha mtu kutoka Bara kwenda Visiwani.

Vibali hivyo vimegawanywa katika madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. B ni la taaluma zinazohitajika sana, zikiwemo za afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, na C ni la taaluma nyinginezo. Wanaofanya kazi za dini na za hisani hupewa D, na wakimbizi hupewa E.

Kwa mwananchi wa Kilosa, kipengele cha maana zaidi katika sheria hiyo pengine ni kile kinachomtaka mwajiri aeleze kwa nini nafasi hiyo haikuweza kujazwa na Mtanzania, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni kwa mwenyeji. Kwa maneno mengine, fundi wa mitambo anayetoka ng'ambo anapaswa kuwa na kijana wa hapa anayejifunza ubavuni mwake. Mpango huo ukibaki kwenye makaratasi, wa kulaumiwa ni mwajiri na wale wanaopaswa kumkagua, si mgeni.

Sasa, mgeni huyo angoje wapi? Kusudi la sheria ni kwamba mwajiri aombe kibali kabla mgeni hajaingia nchini, na kwa hiyo mahali pa kungoja ni nyumbani kwake. Hata hivyo, mashine haingoji karatasi. Ndiyo sababu Uhamiaji ina viza ya biashara, inayolipiwa dola 250 za Marekani na kudumu kwa muda usiozidi siku 90, kwa ajili ya mtu anayekuja kufanya shughuli ya muda mfupi kama kutengeneza mtambo. Viza ya kawaida ya dola 50, ambayo ndiyo ya watalii wanaokwenda kuona tembo Mikumi, haimruhusu mtu kufanya kazi yoyote, ya mshahara au ya kujitolea. Hapo ndipo wanapokwama vijana wa kigeni wanaokuja kufundisha shuleni au kusaidia zahanati za vijijini wakiamini kwamba kwa kuwa hawalipwi, hawafanyi kazi. Sheria haitazami hivyo.

Siku 90 zikiisha kabla kibali hakijatoka, njia halali ni kuondoka nchini, au kuomba Uhamiaji pasi maalumu ya kukaa wakati ombi likishughulikiwa. Pasi hiyo huombwa kabla muda haujaisha. Anayekwenda kuiomba baada ya siku moja ya kuzidisha huwa anaomba msamaha, maana haki ya kuomba imekwisha kumpita.

Kuna upande mwingine unaowagusa wenyeji moja kwa moja. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za wakala wa fedha kwa simu, saluni, kuongoza watalii na ununuzi wa mazao shambani. Amri hiyo iliibua malalamiko, hasa kutoka Kenya. Bila kuingia katika ubishi wa kama ilikuwa ya haki kwa majirani, matokeo yake kwa mgeni anayengoja kibali ni kwamba hawezi kupitisha wakati kwa kununua ufuta au mpunga shambani. Akikamatwa anaweza kutozwa faini isiyopungua Sh milioni 10 au kufungwa hadi miezi sita, na kufutiwa viza na vibali vyake. Mtanzania anayemfunika kwa kumpa jina lake au leseni yake anakabiliwa na faini ya Sh milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mkulima anayeombwa ‘amsaidie mgeni jina tu’ afahamu kwamba anabeba mzigo wa kisheria ambao mgeni huyo hawezi kumtua.

Tukigeukia Watanzania wanaotoka, mlango wenye masharti mepesi zaidi uko karibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Kanuni zake za uhuru wa wafanyakazi ni miongoni mwa sheria chache katika eneo hili zinazotaja waziwazi kipindi cha kungoja. Raia wa nchi mwanachama aliyepata mkataba wa kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya hupewa mpakani pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi sita ili akamilishe taratibu za kibali. Anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka zinatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30 tangu kupokea ombi. Kwa kazi isiyozidi siku 90 hakuna haja ya kibali kamili, pasi maalumu inatosha. Ombi likikataliwa, mwombaji anapaswa kuelezwa kwa maandishi pamoja na sababu.

Kwa hiyo kijana wa Mvumi aliyepata kazi Nairobi na kuvuka Namanga akiwa na hati yake ya kusafiria na mkataba mkononi, ana nafasi nzuri kuliko ndugu yake anayekwenda nchi yoyote nje ya Jumuiya. Lakini yapo mawili ya kuangalia. Moja ni kwamba wanachama hawakufungua kazi zote: kila nchi iliambatanisha orodha ya kazi na taaluma ilizokubali, na orodha hizo hazilingani. Tanzania ni kati ya nchi zilizofungua mlango kwa tahadhari. Pili, aliyevuka mpaka akamwambia ofisa kwamba anakwenda kumsalimia shangazi, kisha akaanza kazi kiwandani, hakupewa pasi ya mfanyakazi. Alipewa ya mgeni wa matembezi, nayo haina ruhusa ya kazi. Wengi husema hivyo mpakani kwa hofu ya maswali. Kumbe kusema ukweli na kuonyesha mkataba ndiko kunakompa mtu ile miezi sita ya kungoja kwa amani.

Ghuba ya Uajemi ni habari nyingine kabisa. Huko hakuna kipindi cha mfanyakazi kujitafutia kibali mwenyewe. Mfumo wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mdhamini, yaani mwajiri, ambaye ndiye anayeomba ruhusa, anayelipa na anayeweza kuifuta. Kibali kinapaswa kuwa kimetoka kabla mtu hajapanda ndege. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, anayeitwa kwa utaratibu huo hutumiwa ruhusa ya kuingia kwa ajili ya ajira, kisha hupewa siku 60 za kupimwa afya, kuchukuliwa alama za vidole na kupata kitambulisho cha ukaazi. Hizo siku 60 ndizo kungoja halali kwa nchi hiyo.

Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo huchukua muda na hugharimu fedha za mwajiri, na viza ya matembezi hupatikana upesi. Basi wakala asiye mwaminifu humpandisha mtu ndege kwa viza ya matembezi na kumwahidi kwamba itabadilishwa akishafika. Wakati mwingine hubadilishwa kweli. Isipobadilishwa, msafiri hujikuta katika nyumba ya watu asiowajua, viza inakwisha, na hawezi kudai mshahara kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu za nchi ile yeye ni mtalii. Kila siku anayozidisha baada ya viza kwisha hutozwa dirhamu 50, kiwango kilichowekwa mwaka 2022. Kwa miezi miwili hizo ni dirhamu 3,000, deni la mtu ambaye hajaanza kulipwa.

Nchi hizo zimezidi kukaza kamba. Oktoba 2023 Polisi ya Oman ilitangaza kusitisha ubadilishaji wa viza za matembezi na za utalii kuwa viza za kazi. Aliyekuwa tayari njiani kwa ahadi ya kubadilishiwa akakuta ahadi imefutwa. Agosti 2024, Falme za Kiarabu ziliongeza faini kwa mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali hadi kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Kisha kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31, 2024 zikatoa msamaha kwa waliozidisha muda, waondoke bila faini wala marufuku ya kurudi, au watengeneze hati zao. Misamaha ya namna hiyo hutokea mara kwa mara katika Ghuba, lakini hakuna anayejua ijayo itatangazwa lini, na kupanga maisha kwa kuitegemea ni kucheza bahati nasibu.

Yapo pia mambo ambayo sheria za huko humpa mfanyakazi na ambayo hayasemwi na mawakala. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inamkataza kuzuia hati zake. Kijana anayeambiwa hapa Morogoro alipie kibali chake cha kazi cha Dubai anapaswa kujiuliza fedha hiyo inakwenda mfukoni mwa nani. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, na ulinzi wao kwa vitendo umekuwa dhaifu zaidi. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyowahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza habari za hati za kusafiria kuchukuliwa, mishahara kutolipwa na saa za kazi zisizo na mwisho. Hati ikishakuwa kabatini kwa tajiri, maneno ‘mgeni halali’ hupoteza maana, kwani anayetoroka nyumba hiyo anaweza kushtakiwa kuwa mtoro na kugeuka mhalifu machoni pa uhamiaji.

Kwa upande wa Ulaya na Marekani, ambako wanaofika kutoka Kilosa ni wachache na wengi wao ni wanafunzi, kuna kanuni moja yenye kufaa kujulikana. Uingereza, kwa kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971, mtu aliyeomba kuongezewa muda kabla ruhusa yake haijaisha huendelea kuwa halali, kwa masharti yale yale aliyokuwa nayo, mpaka ombi lake lijibiwe. Aliyekuwa na ruhusa ya kazi huendelea kufanya kazi. Ujerumani nako hutolewa hati ya muda kwa aliyewahi kuomba mapema. Aliyechelewa hata kwa siku moja hana kinga hiyo. Tangu Juni 2024 Ujerumani pia ina kadi inayomruhusu mwenye ujuzi unaotambuliwa kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, huku akifanya kazi ya saa 20 kwa wiki, ila lazima aonyeshe kwamba anaweza kujikimu.

Marekani mambo yamekuwa magumu zaidi. Waliokuwa wakiomba kuongezewa idhini ya kufanya kazi walikuwa wakipewa nyongeza ya hadi siku 540 bila kusubiri uamuzi, lakini kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Oktoba 30, 2025 nyongeza hiyo iliondolewa kwa sehemu kubwa ya waombaji. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kukaa na akalazimika kusimama kazi siku kadi yake inapokwisha, huku kodi ya nyumba ikiendelea.

Afrika Kusini ina kishawishi chake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa aliyeomba hifadhi hati ya muda chini ya kifungu cha 22, na Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo iliamua mwaka 2003 kwamba waombaji hifadhi hawawezi kunyimwa jumla haki ya kufanya kazi na kusoma. Kwa hiyo watu waliokwenda kutafuta maisha wameshauriwa mitaani wajiandikishe kuwa waomba hifadhi. Hati ile ni ya mtu anayekimbia mateso. Anayeitumia bila sababu hiyo hujenga jalada la maelezo yasiyo ya kweli litakalomfuata kila atakapoomba viza nyingine, mbali na kuwabana wakimbizi wa kweli waliomo katika foleni ile ile.

Je, anayengoja afanye nini kwa vitendo? Kinachomlinda kuliko chochote ni ushahidi kwamba ombi lipo na kwamba liliwasilishwa kabla ya muda kwisha. Stakabadhi ya malipo, namba ya ombi, barua ya mwajiri na nakala ya ukurasa wa muhuri wa kuingilia vikae na mwenyewe, na nakala zake ziachwe kwa jamaa nyumbani. Simu za siku hizi zinapiga picha, na picha iliyotumwa kwa kaka aliyeko Mvumi haiwezi kufungiwa kabatini na mtu aliyeko Muscat. Tarehe ya kuhesabu ni ile iliyoandikwa na ofisa mpakani, kwani viza ya siku 90 inaweza kugongwa muhuri wa siku 30, na ni muhuri unaotawala.

Kabla ya safari, mkataba uhakikiwe. Huduma za ajira za Serikali ziliwekwa kwa ajili ya kazi za aina hiyo, na wakala binafsi anayetafutia watu kazi nje ya nchi anatakiwa awe na leseni, ambayo msafiri ana haki ya kuiona. Balozi za Tanzania zilizoko Nairobi, Muscat na Abu Dhabi, pamoja na ubalozi mdogo wa Dubai, zinaweza kuulizwa kama mwajiri anayetajwa anafahamika. Hati ya kusafiria ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hulipiwa Sh 150,000. Anayedaiwa zaidi ya hapo na mtu wa kati anunuliwe ‘njia ya haraka’ ameanza kutapeliwa kabla hajatoka mkoani.

Na kama jibu likawa la kukataliwa? Nchini Tanzania, asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna wa Kazi anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Nchi nyingi zina njia inayofanana na hiyo, lakini rufaa haimpi mtu ruhusa ya kukaa moja kwa moja kila mahali. Swali la kumuuliza ofisa siku barua ya kukataliwa inapofika, kabla ya kuuliza kuhusu rufaa yenyewe, ni siku ngapi zimebaki za kuwepo nchini kihalali, na jibu lake liombwe kwa maandishi.